Niliandikwa Mwanamke, Nikanyamaza

Nimekosa, jamani. Nalitanguliza neno hili kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitazunguka, nitawaeleza habari za mvua na mahindi, na mwisho nitaikunja karatasi niitie motoni. Nimeshafanya hivyo mara tatu. Leo sichomi.

Ninyi mnaosoma gazeti hili hamnijui, na sitaki mnijue. Lakini nisipolisema nitapasuka! Padre nikimwambia atanipa sala. Jirani nikimwambia atanipa kisogo. Basi nawaambia ninyi, na mnihukumu mtakavyo.

Mimi ni mwanamume. Nina ndevu, nina mabega ya kubebea magogo, na nikikohoa mbuzi hugeuka. Ila jina langu ni la kike. Lenyewe silitaji, tuseme Mwanahawa. Ukilisikia bila kumwona mwenyewe, utamtengea kanga.

Huku kwetu milimani Uluguru jina haliokotwi njiani. Nilipozaliwa nililia, nikakataa ziwa. Wakanijaribu majina ya wajomba waliokufa, mmoja mmoja, nami ndiyo kwanza nazidi kulia. Mganga akatazama, akasema, "Huyu ni bibi yake mzaa mama. Anadai jina lake." Mama akanishika akaniita, "Mwanahawa!" Nikanyamaza, nikanyonya. Hivyo ndivyo nilivyosimuliwa, na kijijini hakuna aliyecheka, kwa kuwa wanaume wenye majina ya bibi zao kwetu ni wengi.

Nilipokuwa mdogo nilipelekwa kusoma kwa mapadre kule Matombo. Nikajua a na be, nikajua kuandika. Padre akataka kunibatiza, anipe jina jipya. Mama aliposikia alivuka milima siku mbili kwa miguu, akanishika mkono mbele ya padre. "Mwanangu ukimvua jina atakufa." Akanirudisha nyumbani. Basi nikarudi sina ubatizo ila nina kusoma, na kijiji kizima aliyejua kusoma ni mimi peke yangu. Hapo ndipo aibu yangu ilipo!

Baba alikuwa amekwisha kufa. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Kondo. Kondo sikumficha jina, marehemu hana wa kumwogopa.

Siku moja akaja karani wa akida, msimamizi wa serikali kule chini, kuandika watu kwa ajili ya kodi. Kijana wa pwani, kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, amechoka na kupanda mlima hata hasira zimemkaa puani. Alikaa kibarazani kwa jumbe, mkuu wa kijiji chetu, jumbe akawa anamtajia watu wa kila nyumba. Sisi wenyewe tulikuwa mashambani tunafukuza nyani. Jumbe alipofika kwetu akasema, "Nyumba ya mjane yule: Kondo na Mwanahawa." Karani akaandika. Kwao pwani Mwanahawa ni mwanamke tu, aulize nini? Na jumbe ni Mluguru mwenzetu. Kwake ni jina langu kama jina lingine lolote, aeleze nini? Tena jumbe hajui kusoma. Kitabu kikafungwa, kikashuka mlima.

Mimi sikujua lolote. Wallahi siku ile sikuwa na kosa.

Miezi ikapita. Reli ikawa imepita Morogoro, inakwenda Mkata, kule tambarare penye joto na mbung'o. Wazungu wa reli wakataka watu, na akida akatoa amri: kila nyumba itoe mwanamume mmoja kwa kipande, kadi ya kazi ya siku thelathini. Nyumba yenye wanaume wawili, watakwenda kwa zamu, mkubwa kwanza. Askari akaleta karatasi ya majina ya watu wote, imenakiliwa kutoka kitabu kile cha karani. Jumbe akaniita niisome mbele ya watu.

Nikaishika. Karatasi ilikuwa na safu mbili, wanaume huku, wanawake kule. Nikatafuta jina langu upande wa wanaume, silioni. Nikamwona Kondo. Nikatupa jicho upande wa pili, nikajiona! Nimekaa kati ya mke wa jumbe na bibi mmoja kipofu.

Ndugu zangu, moyo wangu uliruka. Wala si kwa hasira. Kwa furaha!

Maana niliiogopa Mkata kama kifo. Sisi watu wa mlimani tukishuka kule homa hutuona wageni. Nilikuwa nimeshuhudia watu wawili wakirudishwa kwenye machela. Basi nikasoma safu ya wanaume mpaka mwisho, nikakunja karatasi.

Mzee mmoja akauliza, "Mbona wewe hukujitaja? Si wewe mkubwa wa Kondo?"

Wote wakanitazama. Hapo ndipo nilipopaswa kusema, "Nimeandikwa mwanamke, karani kakosea, nirekebisheni." Maneno matano tu. Badala yake nikasema, "Serikali imesema wanaojua kusoma wabaki, wasome karatasi zitakazokuja."

Wakaamini! Wangenikanushaje? Karatasi kwao ilikuwa kama alama za mchwa kwenye ukuta. Tena wengine wakanisifu: ama kweli elimu ina faida. Nami nikaitikia kwa kichwa. Mungu anisamehe, niliitikia.

Usiku ule sikulala vizuri, lakini nililala.

Asubuhi nikamwambia Kondo kweli yote. Msinione mwema, nilimwambia kwa sababu niliogopa atasikia kwingine. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Akaacha, akanitazama, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Ama! Kumbe siku zote nina dada na sikuambiwa!"

"Kondo, acha mzaha. Nikaseme kwa akida?"

"Ukaseme nini? Wakuchape kwa kujificha? Kaa, dada yangu, umtazame mama. Siku thelathini si mwaka."

Alikuwa na miaka kama kumi na minane. Mimi nilimzidi sita. Desturi yetu mkubwa ndiye anayetangulia penye shari, na mdogo hutangulia penye chakula. Mimi nilikubali mdogo wangu atangulie penye shari. Nikamfungia hata mihogo ya njiani, nikamsindikiza mpaka Mlali, na kurudi nikarudi mwepesi. Aibu gani hii!

Zile siku thelathini zilikuwa miezi miwili na nusu. Mvua ikinyesha siku haihesabiwi, ukiumwa siku haihesabiwi, mnyapara akikuchukia siku haihesabiwi. Kondo akarudi macho manjano, mbavu nje. Kijana aliyekuwa akipanda mlima na mkungu wa ndizi begani huku anapiga mluzi, sasa kwenda kisimani akipumzika mara tatu. Kila jioni homa inampanda, meno yanagongana.

Lakini mbele ya watu bado alinitania. "Dada, niletee maji." Watu wakacheka, wakidhani ni utani wa jina. Mama naye alicheka. Mimi nilikuwa naleta maji huku nimeinama.

Hajapona, karatasi ya pili ikaja.

Nikaisoma. Kondo tena! Ingekuwaje vinginevyo? Kwa kitabu cha akida nyumba yetu ilikuwa na mwanamume mmoja tu, zamu angeshika na nani?

Jumbe akashangaa. "Kondo tena? Huyu mgonjwa!"

Nikasema, "Ndivyo ilivyoandikwa." Na hapo sikusema uongo. Ndivyo ilivyoandikwa.

Jioni ile mama aliniita nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Alikuwa hajui siri yetu, alijua tu ule uongo wangu wa kusoma.

"Mwanangu, nenda wewe. Mwambie jumbe kusoma kutangoja. Mdogo wako hatarudi safari hii, mimi nimezaa, najua mtoto anayekwenda kufa."

"Mama, amri ya serikali haibadilishwi."

"Basi kaiombe. Mimi nakupigia magoti." Na kweli akapiga magoti! Mama yangu, kwenye tope, mbele yangu!

Nikamwinua. Nikamwambia nitasema na jumbe asubuhi. Asubuhi nikaenda mpaka mlangoni kwa jumbe, nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu, una neno?" Nikasema, "Sina neno, nilikuwa napita." Nikapita.

Sasa mnaniuliza, ulikuwa unaogopa nini hasa? Mwanzo niliogopa Mkata. Baadaye niliogopa pia uongo wangu. Nikisema leo, wataniuliza mbona hukusema jana. Kila siku niliyonyamaza ilifanya siku ya pili iwe ngumu zaidi, hata ikawa kama jiwe kifuani ambalo nimeliweka mwenyewe na siwezi kuliondoa.

Kondo akaondoka akitetemeka, amejifunika blanketi mchana wa jua. Safari hii hakutania. Alinishika mkono akasema, "Mtazame mama." Basi.

Baada ya wiki tatu akarudi mtu wa kijiji cha jirani aliyemaliza kipande. Akatukuta tunapukuchua mahindi. "Kondo yuko chini," akasema. "Hali chakula. Amelala kwenye kibanda cha wagonjwa."

Mama hakulia. Aliacha gunzi likaanguka, akanitazama tu.

Siku ile ndiyo nilipata uanaume, umechelewa. Nilishuka mlima mbio, sikusimama mpaka barazani kwa akida. Karani yule yule. Nikamwambia, "Bwana, mimi ndiye Mwanahawa wa nyumba ya mjane. Ni mwanamume. Mliandika kosa. Naomba niende nikashike kipande cha mdogo wangu."

Akafungua kitabu. Akaweka kidole. Akanitazama juu mpaka chini.

"Kitabu kinasema mwanamke."

"Bwana, si unaniona?"

Askari waliokuwa pale wakaanza kunicheka. "Bibi, una ndevu nzuri!" Mmoja akaniuliza mume wangu ni nani. Nilisimama, nikavumilia, machozi yananitoka. Karani hakucheka. Nilimwona anaogopa, maana kosa lilikuwa la mkono wake. Akaninong'oneza, "Nenda zako. Ukilisema hili kwa akida utaulizwa kodi uliyoiruka, na utaulizwa nani alikusomea karatasi usijue umeandikwa wapi. Nani aliyesoma?"

"Mimi," nikasema.

"Basi nenda zako!"

Nikapiga kelele mpaka akida akatoka. Nikamwambia yote. Hakunipigia makelele hata kidogo, alisema kwa upole tu, "Hamsa ishirini. Kisha mwandikeni mwanamume, apelekwe Mkata."

Nikalazwa. Sitawaeleza viboko ishirini na tano. Walioonja wanajua. Nitawaambia jambo moja tu: nilikuwa nahesabu huku nafurahi, nikidhani kila kimoja kinanisogeza kwa Kondo.

Nikalala siku mbili kifudifudi, siku ya tatu nikapelekwa na wenzangu, mgongo unanuka. Tukafika Mkata alasiri. Sikutua hata mzigo. Nikaenda kwa mnyapara wa kibanda cha wagonjwa, mtu mzima, Mnyamwezi, mwenye sauti ya taratibu.

"Namtafuta Kondo, Mluguru wa juu ya Mlali."

"Tumemzika juzi," akasema.

Juzi! Yaani nilipokuwa nimelala kifudifudi kwa akida nikidhani namwokoa, mwenzangu anafukiwa.

Nikakaa chini, nikalia kama mtoto. Yule mnyapara akaniacha nilie, kisha akauliza, "Wewe ni nani wake?"

"Kaka yake. Tumbo moja."

Akashtuka. "Kaka yake? Mbona alisema hana?"

"Alisema nini?"

"Kwetu hapa mgonjwa akizidiwa tunamwuliza ana ndugu wa kiume nani, tumtume mtu akamwite, aje ashike kipande, mgonjwa abebwe kwao. Wengi wameondoka hivyo, wakapona. Yeye nilimwuliza mara mbili. Mara mbili akasema, 'Ndugu wa kiume sina. Nina dada tu, yuko nyumbani na mama.'"

Jamani! Jamani!

Alikuwa ananificha! Anakufa, amepewa mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ni jina langu, akaufunga kwa mkono wake ili mimi nisichapwe. Nami nimeshachapwa! Viboko nilivyoviogopa miezi yote ile vilikwisha kabla jua halijasogea. Yeye alilipia kwa roho.

Nilimaliza kipande changu pale pale, siku zote thelathini, na zile zisizohesabiwa. Homa ikanijia, ikanitikisa, ikaniacha. Hata homa haikunitaka.

Nikarudi nyumbani na blanketi lake. Nikamwambia mama kila kitu: safu mbili, karatasi, uongo, mzaha wa dada, maneno ya mnyapara. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akachukua blanketi, akaingia ndani.

Kwetu mtu akifa jina lake halilali. Matanga yakiisha, ukoo hukaa ukachagua wa kulirithi, avae jina la marehemu na kushika nafasi yake. Siku hiyo ilipofika, mjomba wetu, ndiye mkubwa wa ukoo, naye alikwisha kusikia yote, akasema, "Jina la Kondo alichukue kaka yake. Limtakase. Na tena ni jina la kiume, mambo haya ya makarani yaishe."

Wazee wakakubali. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, nimeinama, nangoja kumwagiwa maji ya dawa. Nilitamani jina lile kama mwenye kiu. Nilisema moyoni, nikiitwa Kondo nitafanya kazi ya Kondo, nitamzika mama kama ambavyo Kondo angemzika.

Mama akasimama. Mwanamke kwetu ana kauli juu ya watoto wa tumbo lake, hakuna aliyemzuia.

"Jina la mwanangu halitolewi," akasema.

Mjomba akamwambia, "Dada, kijana amekosa, amejuta. Usimtupe mwanao wa kiume aliyebaki."

Mama akasema, taratibu, kila mtu akasikia: "Hakubaki. Karani yule hakukosea. Nyumba yangu ilikuwa na mwanamume mmoja."

Akaondoka akaenda kupika. Wazee wakainuka mmoja mmoja. Mimi nilibaki kwenye mkeka mpaka mtoto wa jirani akaja kuuchukua, maana ulikuwa wa kuazima.

Siku hizi nakaa mjini Morogoro. Nawaandikia watu barua. Wakija kuniambia majina ya ndugu zao nawauliza: mwanamume au mwanamke? Huniona mjinga. Nauliza tena. Kila mwezi nampelekea mama chumvi na kitambaa, navikuta siku nyingine vimewekwa pale pale kwenye kizingiti nilipoviacha. Hanifukuzi. Hanisemeshi. Nikimwamkia anaitikia kama anavyomwitikia mpita njia.

Nami ni mwanamume kitabuni sasa! Kodi nalipa, kipande nashika kila nikiitwa, wala sijaruka hata zamu moja. Yanamfaa nani? La kuvunda halina ubani.

Ndugu zangu mnaosoma, na hasa ninyi wachache mnaojua kusoma katikati ya wengi wasiojua, nawasihi. Mkiona kosa kwenye karatasi, hata likiwa limewaangukia vizuri, hata likiwapa kivuli, lisemeni siku ile ile, mbele ya watu wale wale. Siku ya kwanza ni kosa la karani. Ukilala nalo, asubuhi ni lako. Usiseme nitangoja kesho, kesho ina mdogo wako ndani yake.

Na kama una ndugu anayekubali kuumia kwa ajili yako huku anacheka, usimwamini kicheko chake. Mkatalie! Mnyang'anye ule mzigo, mgombane, atakasirika, atapona. Wangu nilimwachia, kwa sababu alicheka, na alipoulizwa mara mbili kama ana kaka, alisema hana.